Tathmini ya Nishati ya Nyumba Mpya: Namna ya Kuielewa na Kuitumia Ramani Ikiwa Bado Mezani

Anayejenga nyumba mpya huulizwa mambo mengi kabla jembe la kwanza halijagusa kiwanja: hati, kibali, kina cha msingi, idadi ya nondo, aina ya bati. Ni nadra kuulizwa nyumba hiyo itakula uniti ngapi za umeme kila mwezi ikishahamiwa. Swali hilo huja lenyewe baadaye, chumba cha kulala kinapokuwa kama tanuri hata usiku wa manane, kiyoyozi kimeshanunuliwa ili kuokoa usingizi, na uniti zilizotarajiwa kuumaliza mwezi zinakatika mwezi ukiwa katikati. Wakati huo paa limeshaezekwa, madirisha yameshatiwa vioo, na kila sahihisho linadai kubomoa kitu. Tathmini ya nishati ni njia ya kuliuliza swali hilo mapema. Mwongozo huu unaeleza namna ya kuisoma, taarifa inazozitaka, na mahali penye faida kubwa zaidi kwa nyumba ya kawaida ya familia katika Afrika Mashariki.

Hesabu ya kulinganisha

Tathmini ya nishati ni hesabu inayochukua vipimo vya nyumba, vifaa vitakavyotumika kuijenga, mitambo itakayofungwa ndani yake na hali ya hewa ya mahali inapojengwa, kisha kukadiria nishati itakayotumika kwa mwaka mzima. Makadirio hayo hulinganishwa na nyumba ya mfano, nayo tofauti kati ya nyumba hizo mbili ndiyo inayotolewa kuwa matokeo.

Nchini Uingereza hesabu ya namna hii ni sharti la sheria. Kila nyumba mpya hupitishwa katika utaratibu uitwao SAP, hupewa cheti chenye daraja kuanzia A hadi G kinachodumu miaka 10, na kwa kanuni zilizoanza kutumika Uingereza mwezi wa Juni 2022 nyumba hupimwa pia uvujaji wa hewa kwa feni kubwa inayofungwa mlangoni. Naitaja kwa sababu ndugu zetu wengi wanaoishi huko hutuma ramani na mawazo ya kujengea nyumbani, na ni lazima ieleweke kwamba utaratibu ule umetungwa kwa nchi ya baridi, ambako hofu kuu ni joto kutoroka nje. Katika pwani yetu hofu ni kinyume chake: joto linaingia na linakataa kutoka. Dirisha kubwa la kioo linaloelekea jua, ambalo kule huongeza alama kwa kuwa hupasha sebule joto la bure, huku linaweza kuiharibu nyumba nzima.

Mfumo ambao mjenzi wa Dar es Salaam, Mombasa, Kampala au Kigali anaweza kuufikia kwa urahisi ni EDGE, uliotengenezwa na Shirika la Fedha la Kimataifa (IFC), ambalo ni sehemu ya Kundi la Benki ya Dunia. Programu yake hutumika bure kupitia intaneti, na mtu yeyote anaweza kufungua akaunti na kuijaribu nyumba yake bila kulipa chochote. Gharama huanza pale tu anapotaka cheti. Wajenzi wakubwa wameshautumia; hosteli za wanafunzi za Qwetu jijini Nairobi ni mfano unaojulikana. Hata hivyo mwenye nyumba ya vyumba vitatu anafaidika na hesabu hiyo vilevile, hata kama hana nia ya kutafuta cheti.

Ili nyumba ipate cheti cha EDGE, ni lazima ionyeshe upungufu usiopungua asilimia 20 katika mambo matatu, kila moja kwa nafsi yake: nishati itakayotumika ndani ya nyumba, maji, na mzigo wa kutengeneza vifaa vya ujenzi vyenyewe. Anayefikisha asilimia 40 katika nishati hupanda daraja la pili. Asilimia hizo zinahesabiwa dhidi ya nyumba ya kawaida ya mahali hapo hapo, ambayo programu huijenga yenyewe kutokana na mji uliouchagua, aina ya nyumba, ukubwa wake na kipato cha wakaaji wanaotarajiwa.

Hapa ndipo wengi wanapoelewa vibaya. Asilimia 20 si ahadi kwamba bili yako itapungua kwa asilimia 20, kwa sababu nyumba unayolinganishwa nayo si ile unayoishi sasa bali ni ya kufikirika. Aidha, nyumba isiyo na kiyoyozi haipewi alama kwa kukosa kiyoyozi. Programu huhesabu nishati ambayo ingehitajika kuwapa wakaaji unafuu wa joto, hata kama hakuna mtambo uliopangwa, kwa kudhani kwamba joto likizidi mtambo utanunuliwa siku moja. Kwa hiyo unaweza kuona katika matokeo kipande cha nishati ya kupoza hewa ambacho hukukitarajia. Usikifute wala usidhani programu imekosea. Kipande hicho ndicho kinachosema nyumba yako itakuwa na joto kiasi gani, na kwa mjenzi asiye na uwezo wa kiyoyozi ndicho chenye maana kuliko vyote.

Taarifa za kuwa nazo mkononi

Kabla ya kuketi na programu, au kabla ya kumwendea mtaalamu, kusanya michoro yote ya msanifu: ramani ya sakafu, sura za nyumba kwa pande zote nne, mkato unaoonyesha kimo cha kuta na mwinuko wa paa, na orodha ya milango na madirisha pamoja na vipimo vyake. Andika pia nyumba inaelekea wapi kwa dira, kwa sababu ramani nyingi zinazouzwa mtandaoni hazina alama ya kaskazini kabisa, ilhali bila alama hiyo hesabu haina msingi.

Takwimu ya kwanza yenye uzito ni uwiano wa madirisha na kuta. Chukua mfano wa nyumba ya mita 12 kwa mita 9 yenye kuta za kimo cha mita 3. Mzunguko wake ni mita 42, kwa hiyo kuta za nje zina mita za mraba 126. Ikiwa madirisha na milango ya vioo kwa jumla yana mita za mraba 28, uwiano ni asilimia 22. Fanya hesabu hiyo kwa kila upande peke yake pia, maana asilimia 22 iliyolundikwa upande wa magharibi ni tatizo, na iliyogawanywa kaskazini na kusini ni neema.

Jua, kivuli na upepo

Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta. Mwezi wa Juni jua la adhuhuri hupita upande wa kaskazini, likiwa juu kwa takriban nyuzi 60. Mwezi wa Desemba hupita upande wa kusini, likiwa juu zaidi, takriban nyuzi 73. Kwa hesabu rahisi ya pembetatu, dirisha la kaskazini lenye kimo cha mita 1.2 linakingwa lote adhuhuri ya Juni na upenu wa sentimita 70 ulio usawa wa lenta, na dirisha kama hilo la kusini linatosheka mwezi wa Desemba na sentimita 36 tu. Upenu wa namna hiyo fundi yeyote anaujua na gharama yake si kubwa.

Mashariki na magharibi habari ni nyingine. Miezi ya Machi na Septemba, ifikapo saa kumi na nusu alasiri jua liko chini ya nyuzi 30, na dirisha lile lile la mita 1.2 lingehitaji upenu wa zaidi ya mita 2. Huo si upenu tena, ni baraza. Ndiyo maana ukilazimika kuelekeza sebule magharibi kwa sababu ya umbo la kiwanja, weka baraza pana lenye paa upande huo, au panga huko bafu, stoo na ngazi, yaani vyumba vinavyoweza kuishi na madirisha madogo.

Pwani ina bahati ambayo haipaswi kupotezwa: pande ambazo jua ni rahisi kulizuia zinakaribiana na zile zinazoleta upepo. Kusi huvuma kutoka kusini na kusini-mashariki katika miezi ya katikati ya mwaka, na kaskazi kutoka kaskazini-mashariki kuanzia karibu Novemba hadi Machi. Nyumba iliyolala kwa urefu wake mashariki-magharibi, yenye madirisha marefu kaskazini na kusini, inalikwepa jua na kuudaka upepo kwa wakati mmoja. Katika tathmini jambo hili huingia kwa njia ya upitishaji hewa wa asili, nayo masharti yake ni ya vipimo: chumba chenye madirisha pande mbili zinazotazamana kinaweza kuwa na kina cha hadi mara 5 ya kimo cha dari na bado hewa ikapita vizuri, lakini chenye dirisha moja tu hakipaswi kuzidi takriban mara 1.5. Kwa dari ya mita 2.7, hiyo ni mita 4 hivi.

Angalia pia aina ya dirisha. Dirisha la aluminiamu la kusukuma pembeni, ambalo limeenea kila mtaa, haliwezi kufunguka zaidi ya nusu yake, kwa kuwa kioo kimoja hujificha nyuma ya kingine. Mwenye kununua dirisha la mita 2 za mraba amenunua mita 1 ya upepo. Dirisha la mbao au aluminiamu linalofunguka kwa bawaba hutoa karibu uwazi wote. Ningependa kila anayechagua madirisha aijue tofauti hiyo, kwa sababu ni uamuzi unaofanywa dukani kwa dakika kumi na kuishi nao miaka thelathini.

Paa

Nyumba ya chini, isiyo na ghorofa, hupokea sehemu kubwa ya joto lake kupitia paani, kwa kuwa katika nchi zetu jua la mchana liko karibu wima juu ya kichwa. Ukiwa na fedha ya kuboresha kitu kimoja tu, boresha paa.

Tathmini hupima paa kwa namna mbili. Ya kwanza ni kiasi cha miale kinachorudishwa. Paa jeupe au la rangi nyepesi hurudisha sehemu kubwa ya miale ya jua, ilhali bati la rangi nzito, kama nyekundu ya damu ya mzee au kijivu cha mkaa, hufyonza sehemu kubwa na kuipeleka ndani. Rangi hizo nzito zinapendwa kwa sura yake, na sina ugomvi na sura, lakini anayezichagua ajue kwamba itabidi afidie kwa kizuizi cha joto chini yake.

Namna ya pili ni kasi ya joto kupenya, inayoandikwa kwa kipimo kiitwacho thamani ya U. Thamani hiyo inasema ni wati ngapi zinapita katika mita moja ya mraba kwa kila nyuzi moja ya tofauti ya joto kati ya nje na ndani, kwa hiyo kadiri inavyokuwa ndogo ndivyo paa linavyozuia vizuri. Bati tupu lina thamani ya takriban 7, maana chuma chembamba hakizuii chochote; kinachozuia kidogo ni tabaka la hewa lililogusana nalo tu. Ukitandaza juu ya dari sufi ya kioo (blanketi la nyuzi laini za kioo) au kizuizi kingine cha aina hiyo chenye unene wa milimita 50, thamani hushuka hadi karibu 0.6, yaani chini ya sehemu moja ya kumi. Hakuna badiliko lingine katika nyumba ya kawaida linaloleta tofauti ya kiwango hicho kwa unene wa vidole vitatu.

Dari ya jipsamu peke yake husaidia kiasi, hasa ikiwa nafasi kati yake na bati ina matundu ya kutoa hewa ya moto kwenye pembe za paa. Dari iliyofungwa kabisa bila matundu hugeuka kuwa sanduku la joto linaloendelea kushuka chumbani baada ya jua kuzama.

Kuta nazo zinahesabiwa, lakini kwa nyumba ya pwani yenye kivuli kizuri faida yake ni ndogo kuliko ya paa. Kuta nene za mawe ya matumbawe na chokaa za Lamu na Mji Mkongwe wa Zanzibar huchelewesha joto la mchana kwa uzito wake. Tofali la saruji la inchi 6 halina uzito huo, kwa hiyo lipe rangi nyepesi na kivuli.

Mitambo ya ndani

Baada ya umbo la nyumba, programu huuliza habari za taa, feni, viyoyozi na maji ya moto. Hapa hesabu ni rahisi kiasi kwamba unaweza kuifanya mwenyewe. Kiyoyozi cha BTU 12,000 kina uwezo wa kupoza wa kilowati 3.5 hivi. Ufanisi ni uwezo huo wa kupoza ukigawanywa kwa umeme unaoliwa, na uniti moja ni kilowati moja kwa saa moja. Chenye ufanisi wa 2.8, kikifanya kazi kwa nguvu zote kwa saa 8, hula uniti 10. Chenye ufanisi wa 4 hula uniti 7 kwa kazi ile ile. Feni ya darini, ambayo wengi tunaiita pangaboi, yenye wati 70 hula nusu ya uniti na ushee kidogo kwa saa hizo hizo. Ndiyo maana tathmini huitambua feni ya darini kuwa hatua ya kuokoa nishati: upepo wake humfanya mtu avumilie joto la juu zaidi kabla ya kukitafuta kiyoyozi. Acha ndoano na waya wake katika kila chumba cha kulala tangu siku ya kufunga umeme. Unaponunua kiyoyozi, tazama lebo ya nyota ikiwepo, kisha usome takwimu ya ufanisi kwenye karatasi ya kiwanda.

Nairobi, iliyo kwenye mwinuko wa karibu mita 1,800, hesabu hubadilika. Kupoza hewa hupungua umuhimu na maji ya moto hupanda. Kupasha lita 100 za maji kutoka nyuzi 20 hadi 50 kunahitaji takriban uniti 3.5, kila siku, mwaka mzima. Kanuni za Kenya za mwaka 2012 kuhusu upashaji maji kwa jua zilitaka majengo yanayotumia zaidi ya lita 100 za maji ya moto kwa siku yapate angalau asilimia 60 ya mahitaji hayo kutoka kwenye jua, na uniti hizo 3.5 za kila siku zinaonyesha ni kwa nini. Hata kama hutafunga hita ya jua mara moja, pitisha mabomba yake ukutani kabla ya lipu na uhakikishe kenchi zinaweza kubeba tangi lililojaa.

Maji na vifaa

Upande wa maji ni mwepesi: vyoo vya kuvuta vyenye vitufe viwili, mabomba na bafu za kunyunyiza zenye mtiririko mdogo, na tangi la kuvuna mvua, mara nyingi hutosha kuvuka asilimia 20.

Upande wa vifaa huwashangaza watu, kwa sababu unaihesabu nishati iliyotumika kabla ya nyumba kuwapo. Saruji na chuma ndivyo vyenye mzigo mkubwa, kwani vyote hutengenezwa kwa moto mkali. Zege nene kuliko ilivyohitajika, au jamvi lililoongezewa nondo kwa kubahatisha, hupunguza alama na fedha kwa pamoja. Matofali ya udongo na saruji kidogo yanayofungamana bila kuchomwa, ambayo Tanzania yamekuwa yakihimizwa na Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi, yana mzigo mdogo kuliko matofali ya kuchoma, na yanaokoa udongo wa kujengea kati ya tofali na tofali.

Namna ya kuiendesha tathmini

Anza na nyumba kama ilivyochorwa, bila kuboresha chochote, na uandike matokeo. Kisha badilisha jambo moja kwa wakati mmoja: rangi ya paa, halafu kizuizi cha darini, halafu upenu, halafu madirisha ya magharibi. Ukibadilisha manne kwa pamoja utapata alama nzuri bila kujua ni lipi lililoileta, na mkadiriaji majenzi akikuambia bajeti imezidi hutajua lipi la kuacha. Mbele ya kila badiliko andika asilimia iliyoongezeka na gharama yake kwa shilingi. Jedwali hilo, hata likiwa kwenye daftari la shule, litakusaidia kuliko cheti chenyewe katika mazungumzo na msanifu na fundi.

Anayetaka cheti huusajili mradi, kisha mkaguzi mwenye leseni hupitia michoro na maelezo ya vifaa, na mradi ukikubalika hupewa cheti cha awali. Ujenzi ukikamilika mkaguzi huthibitisha kwamba kilichojengwa ndicho kilichoandikwa, ndipo cheti cha mwisho kinapotolewa. Mtaalamu aliyekusaidia kuandaa mradi hawezi kuwa mkaguzi wa mradi huo huo, kwa hiyo waulize wote wawili bei zao mapema, kila mmoja peke yake.

Ushahidi ndio unaowashinda wengi. Mkaguzi anataka risiti, karatasi za kiwanda za vioo, rangi ya paa na viyoyozi, na picha zenye tarehe. Fundi akibadilisha kitu kwa sababu dukani kimeisha, mathalani akileta bati la rangi nyingine, rudi kwenye programu siku hiyo hiyo na uingize kilicholetwa kabla hakijapigiliwa misumari. Na siku ambayo sufi ya kioo inatandazwa juu ya dari, panda ngazi mwenyewe na simu yako, pima unene wake kwa futi mbele ya kamera, upige picha kila chumba, ndipo uwaruhusu wafunge mlango wa darini.